Ngozi ya Shaba

Umba hununua chupa zangu kwa gunia:
za bia, za dawa ya kikohozi, za mafuta ya nywele.
Hahesabu. Huigonga kila moja kwa ukucha,
akisikiliza. Yenye ufa huitambua kwa sikio.
"Hii imekwisha kusema," huniambia, na kuitenga,
nami napoteza faranga zangu bila ubishi.

Karakana yake ipo Katuba, nyuma ya kinyozi:
tanuri la matofali ya udongo wa kichuguu,
feni iliyong'olewa kwenye gari la marehemu fulani,
na bomba la chuma ambalo ncha yake imelainika
kwa miaka ya midomo.
Pale chupa husahau majina yaliyobandikwa vifuani,
huwa uji, huwa asali, huwa tone zito la jua
linalozungushwa na kuzungushwa lisije likadondoka.
Umba hupuliza. Mashavu yake hayavimbi.
Pumzi hutoka chini, kwenye kitovu,
kama ya mtu anayemwamsha mtoto bila kumshtua.

Kisha huliviringisha tone katika unga mweusi
wa nyaya zilizochomwa, shaba iliyokufa,
na chombo hutoka na rangi ile ya kijani-buluu
ya mawe ya malakiti wanayouziwa wageni.
Wanunuzi huipenda. Yeye huitazama
kama mtu anayetazama picha ya pasipoti yake.

Jumanne ile umeme ulikatika.
Feni ikagugumia, ikanyamaza.
Mtungi ulikuwa ndani, shingo haijakamilika.
Moto ukageuka manjano machafu, ukatoa moshi,
ukitafuta hewa huku na huku
kama mtu aliyeangukiwa na shimo.
Nilidhani tumekula hasara.

Alipoutoa, ulikuwa umevaa ngozi ngeni:
wekundu wa senti ya zamani, zambarau begani,
na dhahabu kidogo pale makaa yalipoukaribia.
Si rangi iliyopakwa juu ya kioo. Shaba yenyewe,
imepanda kutoka ndani
kuja kuona ni nani anaita.

"Umepinda mdomo," alisema Umba baada ya kimya.
"Siuuzi. Chukua. Lakini usiutie maji."

Nikaufunga kwa kitenge, nikavuka nao mji
bila kumkanyaga mtu.
Baba alikuwa kitini, redio sikioni.
Miaka ishirini na minane alilisha tanuri la kampuni,
hadi siku walipompa bahasha na neno la asante.
Bahasha iliisha kabla ya mvua. Kikohozi kimebaki.

Sikumweleza kitu. Aliugeuza mara mbili,
kidole gumba kikipanda begani, penye zambarau.
"Mulinyima moto pumuzi," akasema.
Halikuwa swali.
"Ndivyo inavyofanya uso wake, mbele ya kumiminwa.
Kidogo tu. Unahesabu mpaka sita, inapotea.
Nilikuwa ninahesabu kila siku.
Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?
Wenzangu walikuwa wanatazama saa."

Akausogeza mdomoni, nikadhani anataka kunywa.
Akauhemea, polepole,
kwa kifua kile kinacholia kama mlango.
Ukungu ukafunika shaba yote.
Akaanza: moja. Mbili.
Kwenye nne kikohozi kikamshika
tukangoja wote watatu, yeye, mimi na mtungi.

Shaba ikarudi kabla hajamaliza.